Sentensi Tano za Sisimizi

Nilikaa naye meza moja kwa miaka kumi na moja, yeye akifundisha Kiingereza, mimi hesabu, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasikia kwa watu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Koma. Jina lilianza kwa sababu ya ile alama ndogo ya kuandikia, aliyoitetea kana kwamba wamezaliwa tumbo moja. Kisha likanoga kwa sababu alipoingia darasani kwenye kelele alitamka neno hilohilo, "Koma!", na darasa zima likawa kimya. Alijua kwamba anaitwa hivyo. Siku moja liliniponyoka mbele ya mkuu wa shule, na Koma mwenyewe akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mume wake fundi viatu, watoto wao wawili wameshahama nyumbani. Alifundisha mikondo minne ya kidato cha pili, wanafunzi themanini na kitu kila mkondo. Insha moja kwa wiki maana yake ni madaftari zaidi ya mia tatu na ishirini, na madaftari hayo yalisimama juu ya meza yetu kama ukuta, mimi upande huu, yeye upande ule, tukisalimiana kwa kuchungulia.

Mwaka ule alikuwa na vita na ndege. Mwalimu aliyekuwepo kabla yake alikuwa amewakaririsha wanafunzi insha moja ya Kiingereza kuhusu safari ya ndege, na insha hiyo ilirithiwa kidato hadi kidato. Uliza kuhusu likizo, watakuandikia ndege. Uliza kuhusu rafiki yangu mpendwa, rafiki atapanda ndege kwenye mstari wa pili. Katika jaribio la kwanza la muhula, wanafunzi arobaini na mmoja wa mkondo mmoja walisafiri na rubani yuleyule, wakanywa maji ya machungwa yaleyale, wakatua salama na kushukuru. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga uwanja wa ndege.

"Ndege hii imebeba darasa zima," aliniambia, "na bado ina nafasi ya wewe na mkuu wa shule."

Alicheka, lakini lilimuuma. Akaingia darasani akawaambia, kwa Kiswahili ili asikike vizuri, kwamba kuanzia siku hiyo atakayeandika ndege atapata sifuri. "Niandikieni mambo yenu. Hata sentensi tano tu. Zikiwa zimepinda nitazinyoosha mimi, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini ziwe zenu." Nilikuwa napita kibarazani, nikamsikia. Nilidhani ni jambo jema, na mpaka leo nadhani lilikuwa jema.

Katika mkondo wa tatu alikuwapo msichana waliyemwita Sisimizi, kwa udogo wake na kwa sababu hukumkuta mikono mitupu: kama si vitabu vya darasa, ni ndoo, kama si ndoo, ni mfuko wa mtu mwingine. Mama yake alikuwa amefariki, naye aliishi na dada yake mkubwa aliyeolewa. Katika hesabu alikuwa mzuri kimyakimya. Kwa Kiingereza hakuwahi kufungua mdomo. Alikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Redio, nanyi mnaweza kujua kwa nini, kwa hiyo hata kama Sisimizi angetaka kusema, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Jumanne moja Mwalimu Koma alifundisha wakati uliopita. Aliandika ubaoni kichwa cha zoezi, "Mambo ya jana," akawataka waandike sentensi tano kuhusu jambo lililowapata siku iliyotangulia. Madaftari yakakusanywa saa sita. Saa nane tulikuwa mezani, mimi nikitunga mtihani, yeye akisahihisha. Alikuwa na namna yake: mkono wa kushoto unafunua, wa kulia unakwenda na kalamu nyekundu, macho yanatafuta kosa kama mtu anayechambua mchele. Daftari moja dakika moja, wakati mwingine chini ya hapo. Dirisha letu lilitazama uwanjani. Kidato cha pili walikuwa nje wanafagia, na Sisimizi alikuwa miongoni mwao. Ninalisema hili kwa sababu baadaye Mwalimu Koma alinifanya nilikumbuke na kulithibitisha mara nyingi: kutoka meza yetu hadi alipokuwa yule mtoto ni hatua thelathini, haizidi.

Kesho yake Sisimizi hakuja shuleni. Wala keshokutwa. Katika darasa la watu themanini, mtoto mmoja kimya akikosekana, darasa halionyeshi pengo. Kiranja aliweka alama ya mtoro, yakaishia hapo.

Wiki ya tatu tukaambiwa mkaguzi anakuja, kila mwalimu akusanye madaftari aliyosahihisha. Redio akaleta mawili, lake na la jirani yake. "Hili la Sisimizi, mwalimu. Lilirudi siku ambayo hakuja, nikamtunzia." Mwalimu Koma alilipokea, akalifungua ili kuhakikisha lina alama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wetu, nikasikia kiti kimesogea. Nilipochungulia, rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alinipitishia daftari.

Sentensi zilikuwa kwa Kiingereza. Nitaziweka kwa Kiswahili, zikiwa zimepinda vilevile:

*Dada yangu alilia.*

*Shemeji alisema nguo zangu ingia kwenye mfuko.*

*Kesho mimi nilikwenda mbali kwa mama wa bosi wake.*

*Mimi nilikuwa sitaki.*

*Mwalimu nilisema wewe tu.*

Juu ya hayo kulikuwa na mwandiko mwekundu ninaoujua kuliko wangu. Neno "kesho" lilikuwa limekatwa, juu yake limeandikwa "jana." "Nilikuwa sitaki" imenyooshwa ikawa "sikutaka." Neno "Mwalimu" katika sentensi ya mwisho limezungushiwa duara, na pembeni ameandika: "Insha si barua." Chini, alama sita kwa kumi, na maneno, "Unajitahidi. Zingatia nyakati."

"Nilidhani amekosea siku," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye kiu. "Zoezi lilikuwa la jana. Yeye ameandika kesho, halafu kitenzi cha jana. Nikachagua kitenzi."

Nilimwambia ana madaftari mia tatu na ishirini. Alinitazama kama vile nimemtukana.

Alikwenda kwa mkuu wa shule saa ileile, nami nikamfuata. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi, na siku hiyo mawazo yake yote yalikuwa kwa mkaguzi. Alisoma, akarudisha daftari. "Mwalimu, wanafunzi kumi na wanne wameacha shule mwaka huu. Tutawafuata wangapi?"

"Huyu aliniaga," alisema Mwalimu Koma. "Hao wengine sijui. Huyu aliniaga mimi."

Jioni tukaenda nyumbani kwao, vyumba viwili nyuma ya gereji. Dada mtu alikuwa anafua. Alipotuona akaendelea kulisugua shati lilelile mahali palepale. Akasema mdogo wake amehamia shule nyingine. Shule gani? Iko mbali. Mbali wapi? Hapo mume wake akatoka ndani, kijana nadhifu, dereva wa lori, tena mwenye adabu.

"Karibuni walimu. Shikamooni." Tukaitikia. "Mtoto yuko salama. Anamsaidia mama mmoja mtu mzima, mgonjwa, na atasomeshwa hukohuko. Sasa kosa liko wapi?"

"Hakutaka kwenda," alisema Mwalimu Koma.

"Nani kasema?"

"Yeye. Ameniandikia."

Yule kijana akatabasamu. "Yule? Kwa Kiingereza?" Akamgeukia mke wake kana kwamba wamepewa kichekesho cha kushiriki pamoja. Mke hakucheka. "Mwalimu, kwa heshima zote, wewe fundisha. Mambo ya familia tuachie wenyewe."

Asubuhi yake tukafika ofisi ya ustawi wa jamii. Ofisa alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye mafua, aliyekuwa amekaa na mafaili yaliyomzidi kimo. Alitusikiliza vizuri. Kisha akalivuta daftari, akasoma kwa sauti, polepole, akifuata maandishi mekundu kwa kidole kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanasomeka: "Jana nilikwenda mbali kwa mama wa bosi wake. Sikutaka." Akainua macho. "Mbona hapa alikwisha kwenda na kurudi? Amesimulia matembezi."

"Hapana. Hiyo 'jana' ni ya kwangu. Yeye ameandika kesho."

"Lakini kesho imekatwa."

"Nimeikata mimi."

"Na hapa umempa sita kwa kumi."

"Ndiyo."

Ofisa alipenga kamasi, akakunja leso taratibu. Hakuwa anadhihaki, alikuwa anatafuta njia. "Mwalimu, nikipeleka hili mbele, wataniuliza nisome maandishi ya nani. Ya mtoto, au yako? Maana kwa maandishi yako, hakuna shida yoyote hapa."

Tulipotoka, Mwalimu Koma alikaa kwenye ngazi za ofisi ile, watu wakimpita huku na huku, akashika tama, akalia. Nilikaa pembeni. Nimemwona mwanamke huyu akifiwa na baba, na hakulia vile.

Kuanzia hapo maisha yake yalikwenda mrama. Hakuweza tena kusahihisha. Alifungua daftari, akasoma sentensi ya kwanza, akairudia, akamwita aliyeandika. "Hapa umeandika paka wetu amepotea. Amepotea kweli?" Mtoto anashangaa. "Hapana mwalimu, hatuna paka." Wengine walimhurumia, wengine wakaanza kumchezea, wakiandika misiba ambayo haikutokea ili waitwe watoke kipindini. Kwa wiki alimaliza madaftari thelathini. Mengine yaliongezeka mezani mpaka nikawa simwoni kabisa. Mume wake alikuja siku moja kuniletea kiatu nilichompa atie soli, akakawia mlangoni.

"Kaka, wewe unashinda naye. Nyumbani hali chakula. Anasimama jikoni anazisema zile sentensi tano, anajaribu kuzipanga upya, kama vile kuna mpango ambao angeuelewa. Nimwambie nini?"

Nilimjibu amwambie ajikaze, kwa sababu hiyo ndiyo kauli tunayotumia tunapokuwa hatuna kauli.

Jambo moja aliliweza, nalo alilifanya kila Jumamosi. Alikwenda kwa yule dada mtu, wakati lori halipo, akakaa kwenye kigoda na kumsaidia kufua. Hakuuliza kitu. Alisuuza, akakamua, akaanika, akaaga. Wiki ya kwanza dada mtu alimwambia aondoke. Ya pili akanyamaza. Mvua zilipita, jua likaja, na mwezi wa sita wa kufua huko, huku wamekamata shuka moja wakilikamua kila mtu upande wake, yule dada akasema, bila kumtazama, mji, mtaa, mashine ya kusaga nafaka, na geti jeusi la tatu kutoka hapo. Kisha akasema, "Usimwambie kwamba ni mimi." Halafu akabadilisha mawazo: "Mwambie ni mimi."

Safari hii Mwalimu Koma hakupeleka daftari. Alikaa mezani kwetu mchana kutwa akaandika taarifa kwa mkono wake, kurasa tatu, kwa Kiswahili. Aliniomba niisome. Nilidhani atajitetea mahali fulani, angalau kwa mstari mmoja. Hakujitetea. Aliandika tarehe, saa, sentensi za mtoto kama zilivyokuwa, kisha alichozifanyia yeye, neno kwa neno. Yule ofisa wa mafua aliisoma mara mbili, akapiga mhuri, akatafuta gari.

Tulikwenda wanne: ofisa, askari wa kike, Mwalimu Koma na mimi. Geti lilifunguliwa na Sisimizi mwenyewe. Alikuwa hajakua hata kidogo, ila mikono ilikuwa ya mtu mzima, imepasuka kwa dawa ya kufulia. Alitutazama mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwalimu Koma akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mwalimu," kama vile tumekutana kibarazani.

Hapakuwa na shule yoyote. Ndani kulikuwa na bibi aliyepooza upande mmoja, mtoto wake ndiye bosi wa yule shemeji dereva, na kazi yote ya mwili wake ilikuwa ya Sisimizi, mchana na usiku, peke yake, kwa miezi saba. Bibi mwenyewe hakuwa na neno baya. Ofisa alipomweleza, alianza kulia kwa upande mmoja wa uso. "Mkimchukua huyu, nani atanigeuza?" Ofisa akampigia simu mtoto wa yule bibi, akaongea naye kwa ukali ambao sikumdhania. Sisimizi alikuwa ameshachukua mfuko wake. Akauweka chini, akaingia chumbani, akamgeuza bibi, akamwekea mto mgongoni, akatoka.

Ndani ya gari Sisimizi na Mwalimu Koma walikaa pamoja kiti cha nyuma. Kisha Mwalimu Koma akashindwa kuvumilia. Nadhani angekaa kimya tu ingekuwa heri, lakini nani angeweza?

"Mwanangu, siku ile nilikuwa pale ofisini. Kwa nini hukuja kuniambia kwa mdomo?"

Mtoto alimtazama kwa mshangao wa kweli, si wa kumkomoa.

"Nilikuambia, mwalimu. Redio alinisomea maandishi yako mekundu kwenye simu ya dada, siku ile kabla sijaondoka. Ukasahihisha."

Alikwenda kuishi kwa shangazi yake, akarudia kidato. Dereva alihojiwa, akaachiwa kwa onyo, akaendelea na lori lake. Darasani kwangu Sisimizi alishika tena pale alipoachia, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa wa tatu. Lakini kwenye insha ya Kiingereza alileta karatasi yenye jina na tarehe, tarehe sahihi kabisa, na chini yake hakuna kitu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akahamishiwa mkondo wa mwalimu mwingine, kijana mchangamfu anayependwa na wanafunzi. Karatasi ni ileile. Kusoma alisoma, sarufi alijibu, maswali ya kujaza nafasi alijaza. Akiambiwa atunge chake, anaweka kalamu chini na kusubiri kengele, bila kiburi.

Mwalimu Koma alimwomba radhi. Aliniomba niwepo, sijui kwa nini, labda aliogopa kuwa peke yake. Alimwita kwenye chumba cha vitabu, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema yote, hakuacha hata ile "Insha si barua." Mtoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema, haraka, kwa sauti ileile ambayo watoto huitikia wanapoitwa na wakubwa. Kisha akauliza kama anaweza kwenda, maana ni zamu yake ya kufuta ubao.

Mwaka uliofuata Mwalimu Koma aliomba kuondolewa darasani. Mkuu wa shule alimsihi, matokeo yalikuwa yameshuka lakini si kwa kiasi cha kumpoteza mwalimu wa namna ile. Alikataa. Akapewa funguo za maktaba. Wanafunzi wapya hawajui kwamba aliwahi kuitwa Koma. Kidato cha pili wamerudi kwenye ndege yao, sasa hata wameongeza mhudumu anayewapa pipi.

Sisimizi alifanya mtihani wa mwisho, akafaulu masomo yote isipokuwa hilo moja, akaenda kujifunza umeme wa majumbani. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye zahanati inayojengwa, yuko juu ya ngazi, kofia ngumu kichwani, anavuta nyaya darini na kumfokea mwenzake wa chini amletee koleo upesi. Nilifurahi kusikia anafoka. Aliponiona akashuka, akanisalimia kwa mikono miwili. Aliwauliza wote: mkuu wa shule, yule mwalimu mchangamfu, Redio kama nimewahi kumwona, hata mlinzi wa geti na mguu wake unaomsumbua. Tuliongea robo saa nzima. Nilisubiri aulizie mtu mmoja. Akapanda ngazi yake.

Nilipofika shuleni nilipitia maktaba. Sikukusudia kusema kitu, lakini getini nilikuwa nimempa mlinzi salamu za Sisimizi, na habari ikanitangulia. Mwalimu Koma alikuwa anabandika karatasi kwenye migongo ya vitabu. Hakunyanyua uso.

"Ameniulizia?"

"Ndiyo," nikasema.

Mikono yake ikatulia. "Alisemaje? Nipe maneno yake mwenyewe, kama alivyoyasema."

Nilisimama pale nikitafuta sentensi moja, fupi, ambayo mtoto yule angeweza kuisema. Kengele ya kipindi changu ikalia, wanafunzi wakaanza kupita dirishani. Nikamwambia alituma salamu tu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kitabu kingine.